Miti ya dawa yachunwa hadi kukauka: Tuipande sisi wanunuzi

Msomaji, ukipita Gikomba, Kongowea au soko lolote lililo karibu na kwako, hukosi kumwona mtu aliyetandika gunia chini na kupanga juu yake vipande vya magome, mizizi iliyokatwakatwa na chupa za unga wa rangi ya kahawia. Wateja wake si watu wa mashambani waliopotea njia mjini. Ni makarani, walimu, akina mama wenye biashara zao na, nakiri, hata baadhi yetu tunaovaa koti jeupe. Wengi huja kuniona siku chache baadaye, na nikiwauliza kama wametumia dawa yoyote kabla ya kufika kwangu, hutazama dari kwanza ndipo wajibu.

Leo sina nia ya kuwakemea. Nataka kuuliza swali ambalo muuzaji haulizwi, mgonjwa hajiulizi, na sisi madaktari tumelipuuza kwa muda mrefu: gome hilo limetoka kwa mti gani, na je, mti wenyewe ungali hai?

Swali hili niliwekewa mezani na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, mwenyeji wa upande wa Mlima Kenya, aliyeletwa na binti yake anayeishi hapa mjini. Hakuwa amepata haja ndogo tangu jioni iliyotangulia, na tumbo lilikuwa limejaa chini ya kitovu kama ngoma. Tulimwekea mpira, ukatoka mkojo wa zaidi ya lita moja, na uso wake ukakunjuka. Alipokwisha kunywa chai tulizungumza.

“Daktari, usinione mjinga,” akaniambia. “Miaka mitatu sasa nanywa muiri kila asubuhi.”

“Unautoa wapi, mzee?”

“Kwa kijana mmoja pale stendi.”

“Kwani huko nyumbani kwako hakuna?”

Alikaa kimya kidogo. “Ilikuwako miwili, baba aliiacha shambani. Miaka ile ya tisini walikuja watu na lori wakanunua magome. Wakachuna kutoka chini hadi kwenye matawi. Walinilipa, sikatai. Lakini miti ilikauka yote, tukapasua kuni.”

Binti yake naye akatoa mkobani pakiti ya vidonge alivyokuwa amemnunulia baba yake katika duka la dawa, vidonge vilivyotengenezwa Ulaya. Nikaigeuza kusoma. Dawa iliyokuwamo ni Pygeum africanum, ambalo ni jina la zamani la Kilatini la mti uo huo, muiri. Mzee aliuza miti yake, akawa ananunua sokoni unga asioujua, na mtoto wake akanunua kiini cha gome kwa bei ya ng’ambo. Huenda gome la shamba lake halikuwamo katika pakiti ile. Lakini njia ilikuwa ni hiyo hiyo.

Kwa msomaji asiyeujua, muiri ni mti mkubwa wa misitu ya nyanda za juu, mathalani Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Cherangani na Kakamega. Wameru huuita mweria na Wakipsigis tendwet. Hukua hadi kimo cha mita 30 na zaidi. Jina lake la kisayansi siku hizi ni Prunus africana, na ni wa ukoo mmoja na plamu na pichi. Ukiponda jani lake utasikia harufu ya lozi chungu. Wazee wetu walichemsha gome lake kwa homa na maradhi ya tumbo tangu zamani. Kisha mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat akachukua hataza ya kutumia kiini cha gome hilo kutibu uvimbe wa tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mwanamume ambayo umri ukisonga huvimba na kuubana mrija wa mkojo. Tangu hapo magome yakaanza kusafirishwa kwa tani kutoka Kameruni, Madagaska, Kenya na kwingineko.

Je, dawa hiyo inafanya kazi? Kwa kiasi, ndiyo. Mapitio ya kundi la Cochrane ya mwaka 2002 yalijumlisha majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliopewa kiini cha muiri walikuwa na uwezekano wa zaidi ya maradufu wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, na safari zao za chooni usiku zilipungua kwa asilimia 19. Majaribio hayo hata hivyo yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Basi muiri ni dawa ya kupunguza usumbufu. Haiondoi uvimbe wenyewe, wala haitibu saratani.

Hapa niruhusu niseme kama daktari, kabla sijarudi msituni. Kiini kilichopimwa katika majaribio hayo hukamuliwa viwandani kwa vimiminika vinavyoyeyusha mafuta, kwa kuwa viungo vinavyotakikana ni vya jamii ya mafuta. Maji yanayochemka jikoni hayavitoi vizuri. Kwa hiyo ule unga wa sokoni si dawa iliyojaribiwa, hata kama ni wa muiri wa kweli. Na nani atakayeapa kwamba ni muiri wa kweli? Magome yakishasagwa yote ni kahawia. Mwanamume anayeamka mara kwa mara usiku, ambaye mkojo wake hutoka kwa kudondoka au una damu, aje apimwe mkojo, figo na kipimo cha damu kiitwacho PSA, na pia akubali kile kidole cha daktari ambacho wengi wenu mnakiogopa kuliko kisu. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zile zinazowapata zaidi wanaume wa nchi hii, na mwanzo wake hauna kelele. Mzee wangu alikuwa na bahati, hakuwa na saratani. Lakini katika miaka yake mitatu ya unga wa stendi, figo zilikuwa zimeanza kulemewa.

Sasa hebu tuhesabu. Tani 2 za gome bichi likikaushwa hubaki tani 1 hivi, na tani hiyo ikikamuliwa hutoa kilo 5 tu za kiini. Mgonjwa mmoja hutumia miligramu 100 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba tani 2 za gome bichi hutosha wanaume 137 kwa mwaka mmoja, na mwaka unaofuata wataka tena. Uvimbe huu wa tezi hauishi kwa kumeza dozi moja kama malaria. Mti mmoja uliokomaa hutoa wastani wa kilo 75 za gome. Hiyo ni miti 26 au 27, mingi yao ikiwa imekaa msituni miaka mingi kuliko umri wangu.

Na kwa nini mti ukichunwa hufa? Watu wengi wa mjini hudhani gome ni kama ngozi iliyokufa ya kisigino, ukibandua litaota. Ukweli ni kwamba maji hupanda kutoka mizizini kupitia ndani ya mti, ilhali chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia tabaka la ndani la gome. Ukichuna mzunguko mzima, hata kwa upana wa kiganja tu, umeikatia mizizi chakula. Majani yataendelea kuwa ya kijani kwa miezi, mpita njia adhani mti ni mzima, kumbe chini mizizi inakufa njaa. Ndiyo maana mzee yule hakushtuka mapema. Alipoona majani yanapukutika, wenye lori walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Mti wa muiri una uvumilivu kuliko miti mingi, na gome lake huweza kuota tena likichunwa kwa adabu. Kanuni iliyofundishwa nchini Kameruni ni kutogusa mti wenye unene wa chini ya sentimita 30, kuchuna robo mbili tu za mzunguko zinazotazamana, na kuuacha mti upumzike miaka kadhaa kabla ya kuchukua robo zilizobaki. Bibi yangu hakuwahi kufika Kameruni, lakini alikuwa akichuna kipande kisichozidi kiganja, upande mmoja wa mti, akapaka udongo mbichi kwenye kidonda, na mwaka ule hakurudi tena kwa mti ule. Nikiwa mtoto nilidhani ni ushirikina. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa akitibu kijiji kimoja, na yule kijana wa stendi anauzia jiji la mamilioni ya watu.

Mataifa hayakulala. Mwaka 1994 nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kuuweka muiri katika Kiambatisho cha Pili, na amri hiyo ikaanza kutumika 1995. Maana yake ni kwamba gome haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Mwaka 1998 shirika la uhifadhi la IUCN likauweka mti huo katika orodha ya iliyo hatarini. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukasimamisha ununuzi wa magome kutoka Kameruni, aliyekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote, hadi mipango ya uvunaji ilipoandaliwa.

Mimi siidharau sheria. Lakini tazama yaliyoupata msandali, ule mti mdogo wa maeneo makavu ambao mafuta yake hutiwa katika marashi. Serikali yetu ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 nao ukaingia katika orodha ya CITES. Hata hivyo polisi wameendelea kunasa malori yaliyosheheni magogo ya msandali. Mafuta yako hadi mizizini, kwa hiyo mwizi haukati, huung’oa. Tena miti ya kiume ni mbali na ya kike, na mizizi yake hunyonya sehemu ya chakula kwa mimea jirani, hivyo kuupanda si kazi ya kutupa mbegu ukaenda zako. Marufuku ilipandisha thamani ya mti ambao karibu hakuna mtu aliyekuwa ameupanda. Mnunuzi alibaki pale pale na hamu yake, na kwa kuwa shambani hakukuwa na msandali, aliufuata porini.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kosa letu sote. Tumeufanya uhifadhi kuwa kazi ya askari wa misitu na dawa kuwa kazi ya hospitali, na katikati hakuna aliyeshika jembe.

Mti wa pili ninaotaka kuutaja haukuhitaji meli wala Mfaransa. Hatari yake imetoka kwetu wenyewe. Ni muthiga. Ukitoka Nairobi kuelekea Kikuyu kwa barabara ya Waiyaki utapita mahali paitwapo kwa jina lake. Wamaasai huuita osokonoi, Wakipsigis soget, na wataalamu Warburgia ugandensis. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili, na watu hulitafuna au kulichemsha kwa kikohozi, koo, jino, tumbo na hata malaria. (Kwa malaria, tafadhali, pimwa damu na umeze dawa ya hospitali. Sitabadili msimamo juu ya hilo.)

Muthiga si dawa ya kubuni. Mwaka 1976 wanakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi, huyu wa pili akiwa mmoja wa wakurugenzi wa utafiti katika kituo cha ICIPE jijini Nairobi, walieleza pamoja na wenzao kemikali ya warburganali waliyoitoa katika miti ya jamii hii. Kiwavi jeshi akiionja husikia ukali na kuacha kula. Kemikali nyingine ya mti huo, poligodiali, imeonyesha katika maabara nguvu ya kuua fangasi. Majaribio kwa binadamu ni machache mno, kwa hiyo sithubutu kukuandikia dozi. Lakini ule ukali unaousikia ulimini ndio kemikali zenyewe.

Na sasa fanya jambo moja. Ukibahatika kuwa karibu na muthiga, chuma jani ulitafune. Utaona nalo linawasha. Majani yake na mbegu hutumiwa hata kukolezea mchuzi. Huko Afrika Kusini, ambako ndugu ya muthiga aitwaye Warburgia salutaris amechunwa karibu kumalizika, wanakemia walilinganisha majani na gome, na mwaka 2001 wakaandika kwamba kuna msingi wa kikemia wa kutumia majani mahali pa gome. Waganga wanaoishi kando ya mbuga ya Kruger wamekuwa wakigawiwa miche ili wapande kwao na kuchuma majani. Nchini Zimbabwe mti huo ulikuwa umetoweka karibu kabisa porini. Ukarudishwa kwa miche iliyopandwa katika mashamba ya wakulima wa kawaida.

Jani likichumwa huota jingine. Kwa muthiga, basi, mteja wa mjini akianza kuitisha majani makavu badala ya gome, ataacha mti umesimama. Nimewahi kumwambia hivyo muuzaji mmoja akanicheka. “Daktari, jani nani atanunua? Mteja anataka kuona gome ndiyo aamini.” Alisema kweli. Anayetaka gome ni wewe.

Wenzetu wa nchi tajiri waliwahi kufika kwenye njia panda hii. Dawa ya paklitakseli, ambayo leo wanawake wengi wanaotibiwa saratani ya matiti katika hospitali zetu huitundikiwa kwenye chupa, ilianzia katika gome la mti mmoja wa magharibi mwa Marekani, unaokua polepole. Iliidhinishwa huko mwaka 1992, na kumtibu mgonjwa mmoja kulihitaji miti kadhaa. Watu waligombana kuhusu nani afe, mgonjwa au mti. Ndipo wanakemia, Pierre Potier huko Ufaransa na Robert Holton huko Marekani wakiwa miongoni mwao, wakaonyesha kwamba dawa hiyo ingeweza kutengenezwa kwa kuanzia na majani ya mti wa jamii hiyo unaopandwa Ulaya hata kama ua wa bustani. Kabla ya mwisho wa miaka ya tisini kuchuna magome ya msituni kulikuwa hakuna haja tena. Wagonjwa hawakukosa dawa.

Lakini nakuomba usiichukue kanuni ya majani ukaitia kila mahali. Ile harufu ya lozi chungu katika jani la muiri ni ishara ya kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi, na majani yake si badala ya gome. Muiri lazima uchunwe, kwa hiyo lazima upandwe kwa wingi na kungojewa zaidi ya miaka 10 kabla ya kuguswa.

Najua mtaniuliza maswali. Daktari mwenzangu mmoja, kijana mwenye akili nyingi, aliniambia nipumzike: zama za magome zimepita, miti ikiisha watu watakuja hospitali. Nilimjibu kwamba atazame foleni iliyo nje ya mlango wake. Watu hawataacha mitishamba kwa sababu imeisha. Watauziwa kitu kingine chenye rangi ile ile. Ninavyoona mimi, mti uliopandwa ni jambo la usalama wa mgonjwa kabla ya kuwa jambo la misitu. Mti ulio uani mwako unaujua jina, umeuona ukikua, na mtaalamu anaweza kuja kuuthibitisha. Unga ulio kwenye chupa haujulikani na mtu. Wala wazo hili si langu. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani, IUCN na WWF walikutana Chiang Mai, Thailand, wakatoa azimio lililofungamanisha kuokoa mimea na kuokoa maisha ya watu.

Waganga nao wana neno lao, kwamba dawa ya kupandwa haina nguvu kama ya porini. Sitawacheka. Kemikali za mti hubadilika kwa umri wake, udongo na mbegu ulikotoka, na mche wa miaka miwili haufanani na mti wa miaka hamsini. Basi tupime. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imelitambua tiba ya kienyeji, na taasisi ya KEMRI ina kituo kinachochunguza dawa hizo. Kazi moja ambayo ningependa kuona pesa za umma zikitumiwa ni kulinganisha majani ya muthiga uliopandwa na gome la ule wa msituni, mkoba kwa mkoba.

Swali la tatu ni la mkulima, nalo ndilo gumu. Atanunua nani? Mkulima wa Kenya aliumwa na pareto. Nchi yetu ilikuwa ikiongoza ulimwenguni, malipo yakaanza kuchelewa, watu wakang’oa. Sitamwambia mtu apande ekari nzima ya muiri kwa ahadi yangu. Nasema apande mitano mpakani, mahali ambapo angeweka mkalitusi. Ikikosa soko, bado ni mbao ngumu, kivuli, na maua yanayopendwa na nyuki.

Namna ya kuipanda haina uchawi. Mbegu za muthiga na za muiri zote mbili hazipendi kuwekwa. Zikikauka ghalani hufa upesi. Chukua matunda yaliyoiva, osha nyama yote, uzie mbegu kivulini zikiwa bado mbichi. Za muthiga huota katika wiki mbili tatu hivi bila kuchemshwa wala kukwaruzwa. Muiri hauzai vizuri kila mwaka, na ndege na tumbili hukutangulia, kwa hiyo wengi huokota miche inayoota yenyewe chini ya mti mama, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Asiyeweza hayo yote aulizie kituo cha mbegu cha KEFRI kilichoko Muguga. Mwagilia misimu miwili ya kwanza, na weka ua. Muiri hutaka baridi na mvua ya milimani. Muthiga huridhika na hali ya Nairobi, kama waonyeshavyo ile ya msitu wa Karura.

Utasema huna shamba, unaishi ghorofa ya nne Umoja na pa kuanikia nguo ni taabu. Nakuelewa, lakini una kanisa, una msikiti, una shule ya watoto yenye uwanja, na karibu kila mtu wa mjini ana nyumbani anakokwenda Desemba. Serikali ilizindua mwaka 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hata siku ya mapumziko ili tupande. Jambo jema. Siku ile nami nilikwenda na koleo langu. Katika masanduku ya miche niliyoyaona kulikuwa na msaipresi, mkalitusi na grivelia, na nilipouliza kama kuna muthiga, kijana aliyekuwa akigawa aliniuliza kama huo ni mti au ni mtaa.

Hospitali zetu nyingi, hasa zile za kaunti, zina uwanja mkubwa kuliko wadi zake. Kwa nini uwanja huo uwe wa nyasi na magari mabovu? Kila hospitali ikipanda miti 20 ya asili yenye dawa, kila mmoja na kibao cha jina lake kwa Kiswahili, kwa lugha ya mahali na kwa Kilatini, wagonjwa wangejifunza kuitambua wakiwa kwenye foleni, na wanafunzi wa udaktari wasingekuwa kama nilivyokuwa mimi, niliyehitimu nikijua kutaja viungo vyote vya mguu wa binadamu lakini nisiweze kutofautisha muiri na mparachichi. Waziri wa afya wa kaunti hahitaji mkopo wa nje kwa hilo. Anahitaji kitalu na mtu wa kumwagilia.

Na wewe, utakapokwenda tena sokoni, muulize muuzaji maswali mawili: mti gani, na umechunwa wapi. Akisema hajui, usinunue. Wateja kumi wakiondoka mikono mitupu siku moja, kesho yake atakuwa amemuuliza yule aliyemletea.

Mzee wangu alifanyiwa upasuaji na sasa analala usiku kucha. Alipokuja kuangaliwa mara ya mwisho nilimpa miche minne ya muiri niliyoipata kwa rafiki. Aliitazama kwa muda, akaniambia kwamba yeye hataiona ikifika unene wa kuchunwa. Wiki iliyopita binti yake alinipigia simu kuuliza kuhusu dawa za presha, nami nikamuuliza habari za miche. Mitatu imeshika. Wa nne uliliwa na mbuzi wa jirani, na mzee ameagiza nguzo na waya.